Walioigusa Saa ya Dada

Dada yangu mkubwa ni fundi wa saa, ila si hizi za kuvaa mkononi. Ukimletea yako imekufa atakwambia mpelekee mwenye kibanda chake, mimi hizo sizijui. Saa zake ni masanduku ya chuma yasiyo na uso wala mishale. Yanakaa kwenye chumba chenye baridi ya kukausha midomo, na moja ikikosea hata chembe ya sekunde, watu wanaitana kikaoni. Kazini walimpachika jina la Mama Nukta. Hata shemeji yangu, mume wake, alimwita hivyo siku akiwa na furaha.

Mimi ni mshonaji. Fizikia niliiacha darasani, nayo haikunitafuta. Ninachosimulia hapa kuhusu setilaiti nimekitoa mdomoni mwa Dada, akiwa amekaa juu ya furushi la vitambaa vyangu. Mambo ya watu sikuhitaji kufundishwa.

Yeye na wifi yake, dada wa shemeji, walisoma pamoja chuo. Chumba kimoja, Dada kitanda cha juu, wifi cha chini, na ukimwona mmoja anapita ulijua mwenzake yuko nyuma anafunga mlango. Ni yeye aliyemleta Dada kwao, akamkalisha mezani mbele ya kaka yake, kisha akajifanya ana kazi jikoni. Mume wa wifi alipofariki, Dada ndiye aliyelala kwake mpaka watu wote wakaondoka. Baadaye wifi akawa mhandisi mkuu wa taasisi yao, na walipopata nafasi ya kutengeneza setilaiti yao ya kwanza, alisema mbele ya wote kwamba saa yake haitaguswa na mtu mwingine ila Mama Nukta.

Siku moja nilimwomba Dada anieleze hiyo saa ina nini hasa, maana alikuwa anakonda kwa ajili yake.

"Gari au meli inajua ilipo kwa kusikiliza saa zilizo juu," akasema. "Saa inatuma ujumbe: sasa hivi ni saa fulani. Ujumbe unachukua muda kufika chini. Ukijua umechukua muda gani, unajua umetoka umbali gani. Ila unakwenda kwa kasi ya mwanga. Saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita mia tatu."

"Na huko juu inakosea ngapi?"

"Karibu arobaini kwa siku, usipoirekebisha."

Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Basi ni mbovu hiyo. Irudisheni mlikoinunua."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Si mbovu. Muda wenyewe ndivyo unavyokwenda. Setilaiti inakimbia sana, na saa inayokimbia inachelewa. Halafu iko mbali, mvutano wa dunia ni hafifu, na huko saa inawahi. Kuwahi kunashinda kuchelewa. Inaitwa nadharia ya uhusianifu, lakini wewe usijali jina."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunaifanya iende polepole kidogo ikiwa bado iko hapa chini. Ikifika kule, inakwenda sawasawa na za kwetu."

Hapo nikaelewa. Kitambaa kinachosinyaa ukikifua, unakikata kikubwa. Mteja akikijaribu kabla ya kufuliwa atalalamika kwamba kinampwaya, lakini wewe unajua unachofanya. Nilipomwambia hivyo alinikumbatia, akasema laiti wajumbe wa bodi yao wangekuwa washonaji.

Maana hao ndio waliokuwa wakimpa taabu. Walikuja mara ya kwanza kutazama saa, wakakuta kwenye skrini mistari miwili: mmoja wa saa ya maabara umenyooka, mwingine wa saa ya setilaiti unateremka. Mjumbe mmoja mwenye sauti nene akauliza mbele ya wageni, "Hii saa yenu mpya, mbona inaachwa nyuma na ya zamani?" Watu wakacheka. Dada akaeleza, lakini wakati huo wageni walikuwa wameshageukia vinywaji. Wifi yake alisimama pale uso umemshuka. Dada hakulitilia maanani jambo lile. Kwake mstari ule ulioteremka ulikuwa mzuri kuliko picha ya harusi yake.

Ziara ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na waandishi wa habari walikuwepo. Siku hiyo Dada hakuwepo. Wifi alikuwa amemtuma mji mwingine kukagua antena. Aliporudi alikuta ziara imekwenda vizuri kupita kiasi, na kisanduku cha saa kimeshafungwa, kimepigwa lakiri, kiko njiani kuunganishwa na setilaiti. Akamkumbatia wifi yake, akampongeza.

Setilaiti ikarushwa. Tulitazama kwa shemeji, tumejazana sebuleni, mama mkwe wake amekaa kiti cha mbele ameshika mkono wa Dada. Roketi ilipopotea mawinguni mama alisema, "Mwanangu huyu amepeleka kitu mbinguni." Hakuwa anamsema binti yake wa kuzaa. Alikuwa anamsema Dada.

Kisha majaribio yakaanza. Walikuwa na gari limeegeshwa uani, limebeba mtambo wa kupokea, na kazi yake ilikuwa kukaa hapo hapo tu. Wakitumia setilaiti za wengine, gari lilikuwa uani. Wakiingiza ya kwao, gari lilitoka getini. Likapita soko. Kufikia jioni, kwa mujibu wa skrini, limevuka mto, wakati dereva wake amelala kwenye usukani mdomo wazi.

Vicheko vilikuwepo siku ya kwanza. Siku ya pili havikuwepo. Wifi alimwita Dada ofisini, akafunga mlango, akamshika mabega.

"Wanasema ni hesabu za saa," akamwambia. "Mimi nitakukinga. Lakini usiingie chumba cha udhibiti kwa sasa, watu wana hasira. Nenda nyumbani, zipitie hesabu zako taratibu. Vipimo niachie mimi, usijitese navyo."

Dada alitoka pale akimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alimshukuru.

Akakaa nyumbani wiki baada ya wiki akijitafuta kosa. Nilikwenda kumwona nikamkuta kwenye meza ya kulia, makaratasi yametapakaa, nywele hazijachanwa. Alipiga hesabu mbele, akapiga nyuma. Aliniambia huenda amekosea kimo cha setilaiti. Kesho yake akasema hapana, huenda amejumlisha pa kutoa. Alianza kusahau vitu: maji yakachemka mpaka sufuria ikaungua. Usiku alikuwa anakodoa macho darini. Shemeji ni mfamasia, ana duka lake la dawa karibu na stendi. Alimletea vidonge vya usingizi, akampa mwenyewe na maji kwenye glasi. "Meza, Mama Nukta. Kila mtu hukosea. Wifi yako hawezi kukutupa."

Nilimwona kwa macho yangu akimpa. Nikajisemea moyoni, dada yangu amepata mume.

Aliyefungua macho ya Dada hakujua kwamba anafungua kitu. Alikuwa mama mmoja wa chumba cha udhibiti, tena mtu wa maneno mengi, walikutana kwenye kantini siku Dada alipokwenda kuchukua vitu vyake. Wakala pamoja. Yule mama akaanza kulalamika jinsi anavyochoka kusoma namba ileile kila asubuhi, tangu jana saa imewahi kiasi hiki, tangu jana saa imewahi kiasi hiki, haipungui haizidi. Akaitaja.

Dada akaweka kijiko chini.

"Rudia," akamwambia.

Yule mama akarudia.

"Ningekosea kimo," Dada alinieleza baadaye, "kingebaki kipande tu. Ningejumlisha pa kutoa, ingekuwa mara mbili. Lakini namba aliyoitaja ilikuwa yote. Nzima, kama vile mimi sikuwahi kuigusa ile saa. Saa ilikuwa inafanya kile hasa ambacho saa yoyote ingefanya kule juu ukiiacha kama ilivyo. Hapo nikajua sikukosea. Kuna mtu aliirudisha."

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa maabara, yule anayefunga na kufungua visanduku. Alimkuta anafuta vifaa vyake. Hakumzungusha.

"Nani alibadilisha mwendo wa saa kabla ya lakiri?"

Fundi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi. Si ulikubali?"

"Nilikubali na nani?"

"Na bosi. Alisema bodi inakuja, anataka mistari miwili ilale pamoja. Nikamwuliza, Mama Nukta anajua? Akanijibu, huyo ni wifi yangu, tumeshaongea nyumbani." Fundi akaacha kufuta. "Hamkuongea?"

 Dada aliniambia neno lile, nyumbani, lilimpiga kifuani. Angesingizia kwamba wameongea kwenye korido, au kwa simu, yote yangevumilika.

Kwa wifi aliingia bila kubisha. Wifi alipomwona uso alijua. Aliinuka, akafunga dirisha, akaketi tena.

"Nilitaka kuirudisha baada ya ziara," akasema kabla hajaulizwa. "Wasafirishaji wakaja mapema. Ningevunja lakiri ningetakiwa kueleza sababu. Nikaona, si itarekebishika kutoka chini?"

"Ungeniambia."

"Ungegoma."

"Ningegoma, ndiyo! Ndiyo kazi uliyonipa."

"Wewe hukuwepo siku ile wakitucheka," wifi akasema. "Ulikuwepo lakini hukuona. Wewe unaona mistari tu. Mimi ndiye waliyenitazama."

"Na baada ya kurushwa? Ulinifungia nyumbani nijitafune mwenyewe. Ukaninyima vipimo, maana ulijua nikiviona mara moja tu nitajua. Ukaniambia unanikinga."

Wifi akaanza kulia. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia. Kaka akasema tungoje kwanza."

Dada alidhani hakusikia vizuri. "Kaka gani?"

Wifi ana kaka mmoja tu.

Duka la dawa lilikuwa na foleni saa hizo za mchana. Dada alipanga foleni kama mteja. Mbele yake kulikuwa na mzee wa dawa ya macho na mama mwenye mtoto anayekohoa, naye akasubiri zamu yake ifike, kwa sababu, alivyoniambia, miguu haikuwa tayari kufika haraka. Shemeji alikuwa ameinamia kaunta.

"Karibu, nikusaidie nini?" akasema, kisha akainua macho.

"Ulijua?" Dada akamwuliza kupitia kioo.

 Watu wa nyuma wakasogea kidogo, wapate kusikia.

"Tukaongelee nyumbani," shemeji akasema kwa sauti ya chini.

"Kwenu kila kitu ni nyumbani. Ulijua tangu lini?"

"Aliniambia siku ile ya ziara, jioni."

Dada alishika ukingo wa kaunta. Siku ya ziara saa ilikuwa bado iko chini. Ilikuwa kwenye gari, kisha kwenye bohari, kisha kwenye meza ya watu wa kuunganisha. Neno moja tu la mume wake lingetosha, na yeye angefika huko hata kwa miguu.

"Mimi najua nini habari za saa?" shemeji akasema. "Aliniambia ni jambo dogo, la kiufundi. Ni dada yangu. Nilibanwa katikati."

"Na vidonge?"

"Hukuwa unalala."

"Ulijua kwa nini silali."

 Yule mama mwenye mtoto, ambaye alikuwa ameshapewa dawa lakini hakuondoka, akaguna. Dada akageuka akatoka, na mimi nikamwona anaingia chumbani kwangu jua likiwa bado kali, mkoba begani. Akaniuliza kama nina nafasi ya mtu mmoja. Nikamwambia ninayo, hata kama ni juu ya cherehani.

Siku mbili baadaye mama mkwe akaja. Alikuja peke yake, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimpa kiti, nikaendelea kupiga pasi shati la mteja, maana chumba ni kimoja na hakuna pa kujificha.

"Mwanangu," akamwambia Dada, "nimesikia kuna kikao cha uchunguzi. Nimekuja kukuomba. Mwenzio ni mjane, watoto wanamtazama yeye. Ukisema huko, wamemmaliza. Mambo ya ndani tuyamalize ndani."

"Mama, ni mimi wanayetaka kunimaliza."

"Wewe una mume."

Dada akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na kitu ndani.

Mama akamshika mkono. "Mimi nakupenda, unajua. Hata siku ile tuliyokula pamoja, ulipotoka kupokea simu, nilimwambia mwanangu, mweleze mkeo, si vizuri. Akasema bado."

Dada akautazama mkono wake ulioshikwa. "Siku ile ipi, Mama?"

Mama akagundua. Akauma mdomo.

"Tulikula pamoja mara ya mwisho kabla ya roketi kurushwa," Dada akasema. "Kwa hiyo siku tuliyokaa sebuleni, umenishika mkono hivi hivi, ulijua."

"Nilijua kidogo tu, mwanangu."

Moshi ukanifikia puani. Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya kola, na ilikuwa imeungua ikatoa alama ya kahawia kama ulimi. Sikuondoka hapo. Nilimwangalia Dada akiutoa mkono wake taratibu, bila ukali, kama unavyoutoa mkononi mwa mgonjwa aliyelala. Alimsindikiza mama mkwe wake mpaka barabarani, akamtafutia usafiri. Hakuwahi kumkosea adabu yule mama, hata siku hiyo. Aliporudi alikaa juu ya furushi, akajikunja, akalia kilio ambacho hakukilia kwa mume wala kwa wifi.

Kwenye kikao alisema yote. Sikuwepo, lakini najua jinsi anavyosema akiwa na uhakika: polepole, bila kupandisha sauti. Aliwaeleza namba ile, na kwa nini haiwezi kuwa kosa la hesabu. Mwenyekiti akamgeukia mhandisi mkuu.

Wifi akasimama. Dada aliniambia kwamba hadi dakika ile bado alikuwa anamtumainia. Alidhani wakifika pale, mbele ya watu, yule wa kitanda cha chini ataamka.

"Ni kweli ilirudishwa," wifi akasema. "Lakini tulikubaliana. Mama Nukta anapitia kipindi kigumu, na huenda amesahau. Mume wake mwenyewe anaweza kuthibitisha kwamba amekuwa akitumia dawa za usingizi."

Fundi wa maabara akaitwa. Masikini alisema ukweli wake: yeye aliambiwa kuwa wamekubaliana, na hakuwa na sababu ya kutoamini. Basi likawa neno la huyu na la yule. Ripoti ikatoka ikisema kulikuwa na upungufu wa mawasiliano baina ya pande mbili, na kwamba pande zote zijirekebishe.

Kazi ya kuirekebisha saa wakampa nani? Yeye. Hakuna mwingine aliyeiweza. Aliandaa maagizo ya kutuma kila siku kutoka chini, ili mitambo ya kupokea ijue saa imewahi kiasi gani na ipunguze. Nilimwuliza kwa nini asiwaache waaibike na mto wao. Akaniambia saa haikumfanyia kitu. Aliikamilisha, gari likarudi uani kwenye skrini, na mjumbe mwenye sauti nene akapiga makofi. Wifi akahojiwa kwenye redio. Nilikuwa nashona, nikazima.

Siku ile ile Dada aliacha kazi. Sasa yuko kwenye idara ya upimaji wa ardhi, mji mwingine, anafundisha wapimaji kutumia hivyo vyombo vya setilaiti. Anasema ni kazi nzuri, ya jua na vumbi. Namwamini nusu.

Kabla Dada hajahama, shemeji alikuja kwangu na masanduku ya nguo za mkewe. Hakuingia, alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Mimi sikumtuma aseme habari za dawa," akasema. "Naapa."

"Lakini alizijuaje?" Dada akamwuliza.

Akainamisha kichwa.

"Nikuulize moja tu," Dada akasema. "Nani mwingine alijua?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Ili nijue nilikuwa nakula na nani."

Alisimama pale akifikiri, na nilichokiona usoni mwake ni mtu anayejaribu kuwakumbuka wote. "Mama mdogo," akasema. "Na yule msaidizi wangu wa dukani. Yeye alisikia tu."

Yule msaidizi alikuwa akimpigia Dada simu kila wiki kumjulia hali. Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akachukua sanduku moja, mimi nikachukua la pili, tukaingia ndani. Shemeji alibaki nje muda mrefu. Tulisikia akikohoa, kisha tukasikia viatu vyake vikienda.

"Ungependa nimwite?" nikamwuliza Dada.

Alikuwa ameshafungua sanduku na kuanza kukunja upya nguo ambazo mume wake alizikunja vibaya. "Hapana," akasema. "Niwashie taa tu, sioni vizuri."